Kivuko Chenye Kiwiko

Cherehani ya Mama Breki haitazami ukuta kama cherehani za mafundi wengine. Aliigeuza mwenyewe siku alipokipanga kile chumba cha mbele, ikaelekea mlangoni, na mlango unaelekea barabarani, ili akiinua macho tu kutoka kwenye sindano aone nani anavuka. Wateja walimwambia vumbi litamharibia vitambaa. Akawajibu kwamba vumbi linafuliwa.

Hilo jina la Breki alipewa na madereva. Alikuwa na tabia ya kuchomoza mlangoni, futi kamba shingoni na pini mdomoni, akamfokea mtu aliye ndani ya lori kama anamfokea mwanawe: "Breki! Breki wewe, huoni watoto?" Wengine walimpigia honi kumtania. Wengine walipunguza mwendo kwa kumwonea haya. Wengi hawakumsikia kabisa.

Ushonaji alifundishwa na mama yake mdogo, aliyemchukua alipoacha shule akiwa bado na madarasa mbele yake. Mama mdogo alikuwa mkali kama pilipili, lakini hakumnyima kitu. Alimfundisha kukata bila kuogopa. "Ukifikiria sana mkasi unatetemeka," alikuwa akimwambia. "Uzoeze mkono, kichwa kipumzike." Na mkono ukazoea kweli. Kwa mkono huo alisaidiana na mumewe, fundi bomba, kuwakuza watoto wawili wakubwa ambao sasa wana nyumba zao, na kwa mkono huo anamlea huyu wa mwisho, kifunga mimba wake, msichana wa kuongea tangu anafumbua jicho mpaka analala, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Chiriku.

Barabara yenyewe walipohamia ilikuwa ya vumbi, na gari likipita watu walitoka kulitazama. Kisha ikatiwa lami, wote wakashangilia, yeye mwenyewe akipiga vigelegele. Haikupita muda madereva wakagundua kwamba ukiikata njia hiyo unaikwepa foleni ya barabara kuu. Basi malori, mabasi, pikipiki na magari ya maji, yote yakawa yanateremka kutoka kwenye kona ya juu kana kwamba yanafukuzwa. Nyumba ziko upande huu. Shule iko upande ule.

Karibu na kufungwa kwa shule, mchana wa saa za kutoka darasani, Chiriku alikuwa anavuka kurudi nyumbani huku anamsimulia mwenzake jambo fulani. Gari dogo la mizigo likamkwaruza begi la mgongoni. Begi ndilo lililoguswa, mtoto akazungushwa kama pia na kuangukia kidevu. Mama Breki aliyaona yote kutoka kwenye kiti chake. Hakuweza hata kupiga kelele. Alipofika, dereva alikuwa ameshashuka, amepiga magoti kwenye lami, analia kuliko mtoto.

"Mama nisamehe. Nimefunga breki, mama, wallahi nimefunga breki."

"Umefunga, mwanangu," alimwambia, na hajui maneno hayo yalimtoka wapi. "Asante. Ungechelewa kidogo tu ningekuwa nasema mengine."

Mpaka leo anamwombea dereva yule. Mtoto alishonwa kidevu, akarudi nyumbani anasimulia jinsi daktari anavyoshona vibaya kuliko mama yake.

Lakini baba yake hakucheka. Fundi bomba ni mtu wa maneno machache. Akishasema jambo, limesemwa. Jioni ile aliweka kisanduku chake cha vifaa chini, akakaa, akanywa maji, akasema, "Shule zikifunguliwa barabara ikiwa hivi hivi, Chiriku anakwenda kwa shangazi yake. Kule shule iko uani kwao, hakuna cha kuvuka."

"Baba Chiriku, ni mtoto wangu wa mwisho huyo."

"Ndiyo maana."

"Nyumba itakuwa kimya."

"Iwe kimya kwa sababu yuko kwa shangazi," alisema mumewe, "isiwe kimya kwa sababu nyingine."

Mama Breki alijua mumewe hasemi kwa ukatili. Alijua pia kwamba wifi yake, dada mkubwa wa mumewe asiye na mtoto, angempokea Chiriku kwa mikono miwili, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hakuwa na hata mtu wa kumlaumu. Alibaki na likizo moja ya kuibadilisha barabara.

Alianza kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akampeleka ofisi ya barabara. Ofisi ya barabara wakamkaribisha kiti, wakamsikiliza, wakamwambia kwamba mtaa wake upo kwenye mpango.

"Mpango wa lini, mwanangu?"

"Mama, mipango ni mingi. Na ninyi mmo."

Akarudi tena, akaambiwa yumo. Akarudi mara nyingine na mwalimu mkuu wa shule, mwanamke mnene mpole anayetembea kwa kuhema, wakaambiwa wote wawili wamo. Njiani mwalimu mkuu akasema, "Dada, tumo kama chumvi baharini."

Ndipo walipokata shauri kuchora kivuko wenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa na rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki walipopaka lango la shule. Mzee Pancha, anayeziba matairi chini ya bati jirani na duka la Mama Breki, akasema yeye atasimamisha magari. Muuza nyama wa ng'ambo akaahidi brashi na wanawe wawili wenye nguvu. Mwenyekiti alipoombwa ruhusa alijikuna kichwa.

"Ruhusa mimi sina. Lakini Jumapili asubuhi nina safari. Nikirudi nikakuta kitu kimechorwa, nitaulizaje na mimi sikuwepo?"

"Safari njema, mwenyekiti," alisema Mzee Pancha. "Usiharakishe kurudi."

Kazi ya kupima ilimwangukia Mama Breki, kwa sababu ndiye mwenye futi kamba. Lango la shule halitazamani na ngazi ya duka lake ambako watoto husimama kungoja. Limekaa chini kidogo, upande wa kuteremkia. Kwa hiyo kivuko kilibidi kwenda mshazari. Akatafuta maboksi makubwa ya majokofu, akayakunjua, akayaunganisha kwa uzi wa gunia, akakata kigezo cha nusu ya barabara chenye matundu ya mistari, kimeinama kuelekea langoni. Nusu tu ilitosha, maana wangepaka nusu moja huku magari yakipita nusu nyingine, kisha wabadilishane. Alijua wakimaliza nusu ya kwanza atakihamisha tu kama kilivyo, bila kukigeuza.

Jumapili ilikuwa tulivu, jua la asubuhi bado halijawa kali. Mzee Pancha alishika kitambaa chekundu cha bitana, akawa anakipunga mbele ya magari kwa madaha kama bibi harusi. Wengine wote waliinama, brashi zikaenda. Nusu ya kwanza ilitoka safi, mistari imelala kama imepigwa pasi. Wakasubiri ikauke, wakahamishia magari huko. Wakahamia nusu ya pili.

Sasa, fundi wa nguo akikata mbele ya blauzi hukata kipande cha kulia, kisha hukigeuza kigezo uso chini mgongo juu, akakata cha kushoto. Asipogeuza atapata vipande viwili vya mkono mmoja, blauzi isifunge. Mama Breki alikuwa amekigeuza kigezo hivyo tangu akiwa msichana kwa mama yake mdogo. Alipofika nusu ya pili, mkono wake ulikishika kigezo, ukakigeuza, ukakilaza, ukakipangusa. Akasema, "Pakeni."

Wakapaka. Walikuwa wameinama, kila mtu akitazama mstari wake na magari yakiwapita mgongoni. Aliyeona wa kwanza ni Chiriku, aliyewekwa kwenye ngazi ya duka na kukatazwa kushuka.

"Mama, mbona kimekunja kiwiko?"

Wakasimama. Wakarudi nyuma. Kivuko kilianza pale kwenye ngazi, kikateremka vizuri kuelekea shuleni mpaka katikati ya barabara, halafu kikabadili mawazo na kupanda tena, kikaishia kwenye mtaro wa maji machafu. Lango la shule lilibaki peke yake kule chini, kama mgeni asiyepokewa.

Kisha Mzee Pancha akakunja kitambaa chake chekundu.

"Mama Breki, ndugu yangu, hiki ni kivuko au kola ya shati?"

Muuza nyama alicheka mpaka akashika tumbo. Mwalimu mkuu alijaribu kujizuia, akashindwa, akakaa chini kwenye ukingo. Mama Breki alitazama kopo la rangi, likamtazama, lilikuwa tupu. Alitaka kulia, lakini jinsi mwalimu mkuu alivyokuwa anahema kwa kicheko, machozi yalipotoka yakachanganyika na kicheko, na hakujua tena ni yapi. Anasema siku zote kwamba anawashukuru kwa kicheko kile. Wangemwonea huruma, asingeinuka.

Siku iliyofuata jambo la ajabu likatokea. Magari yalipunguza mwendo. Dereva aliteremka kwa kasi kutoka kwenye kona, akaliona lile dude jeupe lililopinda, akafunga breki akitaka kujua ni nini. Malori yalipita yananyata. Watu waliteremka wakapiga picha, picha zikasambaa. Kaka yake Mama Breki anayeishi mbali kabisa alimpigia simu.

"Dada, kuna picha inazunguka ya kivuko kilicholewa. Eti iko pande za kwenu. Nani mjinga aliyekichora?"

"Sijui, kaka," alisema Mama Breki. "Watu wengine hawana aibu."

Alimngojea mumewe kwa hamu jioni ile. Fundi bomba alisimama mlangoni, akatazama magari yanavyojikokota, akatikisa kichwa taratibu.

"Umejitahidi, mke wangu. Lakini leo wanapunguza kwa kushangaa. Wakishazoea je? Na hata asiyezoea, hicho kinamshusha mtoto mtaroni."

Alisema kweli. Wifi alishapiga simu kuuliza Chiriku anapenda shuka la rangi gani.

Gari la ofisi ya barabara lilifika siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Alishuka injinia mwenye kofia ngumu na miwani ya jua, kijana bado, pamoja na vibarua na mashine. Mtaa mzima ulijua kimenuka. Mama Breki alipiga moyo konde akatoka.

"Nani kachora hiki?" aliuliza injinia.

"Mimi."

"Muongo," alisema Mzee Pancha akitokea chini ya bati lake, mikono myeusi kwa matairi. "Mimi ndiye niliyesimamisha magari. Bila mimi asingechora."

"Brashi ni zangu," alisema muuza nyama kutoka ng'ambo.

"Na rangi ya shule," alisema mwalimu mkuu, akihema.

Injinia alivua miwani. "Sikuuliza wa kumfunga. Nauliza fundi. Picha hii imefika ofisini kabla ya chai. Mkubwa wangu kaniita, kaniuliza, 'Hii barabara ni yetu?' Nikasema ni yetu. 'Na hiki kiwiko kiko kwenye ramani gani?' Nimekosa jibu. Nataka kujua kilitokeaje."

Mama Breki akamweleza habari ya blauzi, kulia na kushoto, na mkono uliozoea. Injinia alisikiliza mpaka mwisho. Akageuka, akawapa mgongo wote, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena macho yalikuwa na maji.

"Mama, nimetumwa nifute," alisema. "Lakini kwenye shule hatufuti kivuko tukaacha patupu. Nikifuta lazima niweke. Kwa hiyo umetuondoa kwenye mpango ukatuingiza kazini. Sasa panda gari, kuna kitu nataka ukione."

Akapanda, kiti cha mbele. Alikuwa hajawahi kuiteremka barabara ile akiwa mbele ya gari, siku zote aliitazama kutoka pembeni. Injinia alimpeleka juu, akageuza, wakaanza kurudi kwa mwendo wa kawaida tu, si wa kukimbia.

"Niambie ukiona watoto," alisema.

Walipita kona. Mama Breki alikaza macho. Aliona bati la Mzee Pancha. Aliona duka lake mwenyewe, na nje ya duka, kwenye kamba, magauni yake ya kuvutia wateja, yamejaa upepo. Nyuma ya magauni hakuona kitu. Kisha, wakiwa tayari wamefika, ndipo vichwa vilipochomoza kwenye ngazi, Chiriku na wenzake wawili, wakipunga mkono.

Injinia alisimamisha gari akatazama mbele kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa. Mama Breki aliyekuwa amekaa miaka yote akiwatazama watoto ndiye aliyekuwa amewatungikia pazia.

Aliteremka akaenda moja kwa moja kwenye kamba. Aliyatoa magauni yote, akayakumbatia, akaingia nayo ndani. Alipotoka uso ulikuwa umelowa.

"Asante, mwanangu. Ungeweza kuniambia mbele za watu."

"Madereva nao hawajui kwamba hawaoni," alisema injinia. "Ndiyo maana lazima kivuko kisogee. Tutakiweka juu kidogo, pale kwa muuza nyama, peupe, mtu anakiona tangu anatoka kwenye kona. Kinyoofu. Kinyoofu, mama, usinisaidie."

Waliweka tuta kila upande na kivuko katikati. Kiwiko kilifutwa kwa mashine, na Mzee Pancha akavua kofia kama msibani. Palibaki tatizo la mtaro, kwa sababu mbele ya muuza nyama nao ulikuwa wazi, na vibarua walikuwa na zege la kutosha kumimina kidaraja lakini hawakuwa na bomba la kupitisha maji chini yake. Injinia akasema litaletwa wiki ijayo. Wiki ijayo shule zingekuwa zimeshafunguliwa.

Jumamosi Mama Breki alisikia mlio anaoujua, wa msumeno kwenye bomba. Akachungulia. Mumewe alikuwa ndani ya mtaro, suruali imekunjwa magotini, anapima bomba nene alilolitoa sijui wapi, huku anabishana na vibarua kuhusu mwinamo wa maji. Hakumwita. Alirudi ndani akachemsha chai ya kuwatosha wote, akaipeleka kwenye sinia, akamkabidhi mumewe kikombe bila kuuliza kitu.

"Maji yatapita," alisema fundi bomba akiwa mtaroni.

"Nimeona."

"Usinitazame hivyo. Bado sijasema kitu."

"Na mimi sijauliza."

Siku ya kufungua shule fundi bomba hakwenda kazini mapema. Alivuka peke yake, akasimama upande wa shule na mikono mfukoni. Chiriku alisimama upande wa nyumbani, mkabala na muuza nyama, pamoja na wenzake, sare mpya, kidevu kina alama. Mama Breki alikuwa nyuma yake. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kumshika mtoto mkono, lakini baba mtu alikuwa amesema amwache, aone.

Lori la mchanga likatokea kwenye kona. Chiriku, jambo la nadra, alinyamaza. Lori lilipanda tuta kwa kugugumia, likasimama kabla ya mistari. Dereva akatoa mkono dirishani, akaupunga: piteni. Watoto wakapita, na walipofika katikati Chiriku alishaanza tena kusimulia, maneno yanamwagika, hata alipompita baba yake langoni hakuacha, alimgonga tu tumboni kwa ngumi kumsalimia. Dereva wa lori alichungulia upande wa pili.

"Vipi, Mama Breki? Leo hunifokei?"

"Nenda, baba. Nenda salama. Mungu akujalie."

"Makubwa haya," alisema dereva, akaondoka.

Mama Breki alirudi kwenye cherehani, fundi bomba akavuka kurudi. Aliketi kwenye benchi la wateja, akatoa simu, akaiweka sauti juu kwa kuwa sikio lake moja limechoka.

"Dada, habari za asubuhi. Usisumbuke tena na kitanda. Mtoto anabaki."

Dada yake aliuliza, "Anabaki?"

"Barabara imetulia. Nimeiona mwenyewe."

"Basi vizuri," ilisema sauti, na ilikuwa imeshuka. "Vizuri sana. Nilikuwa nimeshatandika."

Mama Breki aliiacha sindano katikati ya mshono, akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Wifi, asante."

"Asante ya nini wewe, na mtoto hamkuniletea?"

"Ya kuwa na pa kumpeleka. Likizo nzima nilikuwa naogopa, lakini sikuwa naogopa kwamba atakosa mtu. Wengi hawana hilo."

Wifi alipenga kamasi. "Nilinunua shuka la njano," alisema. "Mlisema anapenda njano."

"Lisikunjwe, wifi. Likizo ijayo atakuja kulilalia, utachoka wewe mwenyewe kwa maneno yake. Lakini kabla ya hapo njoo wewe. Njoo ukae hapa benchini nikushonee gauni, mchana tukamchukue shuleni."

"Mimi nivuke barabara hiyo ninayoisikia? Na magoti haya?"

"Kuna kivuko."

"Nimekiona kwenye simu hicho kivuko chenu!"

Fundi bomba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe, kicheko cha tumboni kilichomfanya Mzee Pancha achungulie kutoka chini ya bati. Mama Breki alicheka naye, kisha akasogeza simu mdomoni.

"Njoo, wifi," alisema. "Nitakushika mkono mimi."